Msimu wa Nywele Ndefu

Nilimsikia kabla ya kumwona. Ilikuwa sauti kavu, nyembamba, ya haraka: chak-chak, chak-chak-chak. Asubuhi ile nilikuwa nimeshuka gari la moshi hapa Thika, sanduku la bati begani, nikitafuta chumba cha kupanga mtaani Majengo kabla sijaanza kazi ya ualimu. Mbele yangu kulikuwa na vumbi jekundu na harufu ya ngozi kutoka kiwandani, na ile sauti ikiniita kutoka nyuma ya kona. Nilidhani ni ndege anayedonoa bati. Nilipokata kona nikaona mlango uliowekewa jiwe usijifunge, na ndani yake mtu mfupi mwenye upara unaong'aa, akikata hewa kwa mkasi juu ya kichwa cha mteja. Alikata nywele kidogo, akakata hewa sana, kisha akarudia nywele.

"Karibu, mgeni," alisema bila kugeuka. "Unashangilia timu gani?"

Hakuniuliza jina, wala kabila, wala dini. Nilimjibu kwamba sikuwa na timu.

"Basi umefika. Chumba kiko nyuma ya ukuta huu. Lakini Jumapili utakwenda kiwanjani, maana mpangaji asiye na timu hukosa usingizi na kukosesha wenzake."

Kila mtu alimwita Kinyozi, hata mke wake, hata watoto aliowanyoa kwa mara ya kwanza wakilia kama wanaochinjwa. Kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya ukuta wake, ule mkasi ndio ulioniamsha na ndio ulioniambia kwamba mchana umekwisha. Nilimuuliza siku moja kwa nini anaukata upepo. Akasema mkasi ukinyamaza hulala, na ukilala kichwani mwa mtu utamng'ata.

Mlango wake haukufungwa mchana, hata masika. Kutoka kwenye kile kiti kimoja cha mbao ungeweza kuona njia yote ya kwenda kiwanjani, mpaka milingoti ya goli iliyoinama kidogo kama wazee wanaosalimiana. Mvua ilipopiga kwa upande, mteja alilowa mgongo.

"Kinyozi, funga mlango, bwana! Nanyeshewa!"

"Shukuru. Hayo ndiyo maji ya kunyolea."

Hakuwa amewahi kupiga mpira maishani mwake. Hili watu wa Majengo walilijua na walilipenda. Siku moja mpira ulitoka nje ukambingirikia hadi miguuni, na uwanja mzima ukanyamaza ili uone atafanya nini. Aliinama, akauokota kwa mikono miwili, akaupangusa matope kwa pindo la koti, akampa beki wetu kama mtu anayerudisha mtoto mchanga kwa mama yake.

Lakini hakuna aliyeutazama mpira kama yeye. Hakuketi. Alitembea kando ya mstari, akienda na mpira na kurudi na mpira, mkono wa kulia umo mfukoni mwa koti, na humo mfukoni mkasi ukilia. Tulipokuwa tukishambulia ulilia polepole. Tulipokuwa hatarini ulilia kama kundi la wadudu. Wachezaji wa Ruiru, mji wa jirani, waliwahi kumlalamikia refa, karani mmoja wa reli, kwamba sauti ile inawachanganya. Refa alimwendea Kinyozi, akamtazama, akafikiri, kisha akarudi katikati ya uwanja akatangaza kwamba hajui sheria inayokataza mkasi.

Baada ya mechi aliwatangulia watu wote kurudi. Wanawake waliokuwa wakipika nje hawakuhitaji kuuliza matokeo. Akipita akiwa amefunga vifungo vyote vya koti, tumeshindwa. Vikiwa wazi, tumeshinda, na wangoje kelele.

Alikuwa mtu wa msikiti, wa safu ya mbele. Sauti yake ikisoma Kurani alfajiri ilipenya ukuta ikanifikia kitandani, laini, ya mtu anayeomba kitu kidogo. Sauti hiyohiyo Jumapili ilimwambia beki wetu mbele ya watu wote kwamba anakimbia kama kabati linalohamishwa. Watoto wenye vidonda kichwani aliwanyoa kwa saa nzima, akipuliza kila kidonda. Wachezaji hakuwapulizia chochote. "Ukipenda timu inayoshinda," alikuwa akisema, "umependa kushinda tu. Timu yenyewe bado hujaipenda." Mimi nilidhani hilo ni neno la mtu mvumilivu. Sikujua bado kwamba aliyelisema hakuwa na uvumilivu hata wa kungoja chai ipoe.

Na alikuwa na desturi yake. Asubuhi ya mechi aliwanyoa wachezaji wote bila malipo, mmoja baada ya mwingine, akianza na golikipa. Hakuna aliyeingia uwanjani bila kupita kwenye kile kiti. Kila kichwa alikiinamia mwishoni, akanong'oneza jambo sikioni. Nilibahatika kusikia moja siku niliyokuwa karibu: "Beki wao wa kulia anaoa mwezi ujao. Ataogopa kuumia. Mpitie huyo." Na kweli, huyo alipitwa mchana kutwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka ule msimu.

Tulianza kwa kushindwa nyumbani, tukashindwa tena, kisha tukaenda Ruiru tukafungwa mabao manne. Watu wa Ruiru walitusindikiza hadi barabarani, na wimbo wao ulikuwa methali ambayo kila kinyozi anaichukia: "Majengo, mwenzako akinyolewa, zako tia maji! Tieni maji! Tieni maji!" Kinyozi alitembea mbele yetu, vifungo vyote vimefungwa, hata kile cha shingoni ambacho sikuwa nimewahi kukiona kimefungwa.

Jioni ile aliwangoja wachezaji kizingitini. Walifika wamechoka, viatu vimening'inia shingoni.

"Nawanyoa mpendeze," alisema, "mnakwenda kutandikwa mkiwa mmependeza. Basi. Wallahi, mkasi huu hautagusa kichwa cha mchezaji wa Majengo mpaka tushinde."

Wakacheka. Golikipa wetu, Wafula, mtu mkubwa wa kutoka magharibi aliyefanya kazi kwenye shamba la mkonge, alimwambia, "Kinyozi, sisi tutashinda wiki ijayo. Noa tu wembe."

Wiki ile iliyofuata tukashindwa. Na iliyofuata.

Mwanzoni ilikuwa mzaha wa mtaa mzima. Nywele zikaota. Wafula alisema akiruka kudaka mpira anaziona nywele kwanza, mpira baadaye. Wake zao walikuja mlangoni kulalamika. "Kinyozi, nimeolewa na mwanamume, sasa nalala na kondoo!" Naye aliwajibu kwamba kondoo huyo akishinda atarudi mtu. Wangeweza kwenda kwa kinyozi mwingine, au kunyoana nyumbani kwa wembe na sabuni. Hakuna aliyefanya hivyo. Kiapo kilikuwa cha mtu mmoja, lakini kufikia mvua za katikati ya mwaka kilikuwa kimeingia miilini mwa wote. Waliamini kwamba wa kwanza kukata atakuwa ndiye aliyekata tamaa. Waliingia uwanjani na vile vichwa kama vichaka, wakashindwa, wakatoka wameviinamisha.

Mzaha ule ulikuwa na mwisho wake, na kila mtu angepaswa kuuona, maana ilikuwa Hali ya Hatari, wakoloni wakipigana na Wakikuyu walioingia msituni. Barabara ya kwenda Ruiru ilikuwa na askari, na usiku malori yalipita yamefunikwa turubai. Wapiganaji wa msituni walijulikana kwa nywele zao ndefu zilizosokotana. Wafula na wengine, watu wa makabila ya mbali, askari waliwatazama vichwa wakawakemea, wakawaacha. Kwa Mkikuyu mambo yalikuwa mengine. Naye winga wetu wa kushoto, Karanja, alikuwa Mkikuyu.

Karanja alifanya kazi kwenye shamba la kahawa kule Ruiru, kwenye mashine ya kumenyea buni. Kila Jumapili msimamizi alimpa kibali cha kuja Thika, naye akaja kwa baiskeli. Watu wa kwao hawakumsamehe. "Kuku wa Ruiru anatagia Thika!" walimpigia kelele. Karanja alikuwa akiwajibu kwa maneno matatu tu: "Thika kuna kinyozi." Zamani, kabla sijafika, aliwahi kuja Thika kutafuta kazi, akaikosa, akaketi kwenye kile kizingiti na njaa yake. Kinyozi alimwita ndani, akamnyoa, akampa chai na mkate, akamuuliza anashangilia timu gani. Kinyozi hakujaliwa mtoto. Akimwita Karanja "mwanangu," hakulisema kama tunavyolisema sote kwa kila kijana.

Siku ya mechi ya pili kutoka mwisho, Karanja alifika mapema. Nilikuwa mlangoni. Alivua kofia yake ya sufu, na nywele zikainuka kama zilizokuwa zimebanwa kooni.

"Kinyozi, nipunguzie kidogo. Kando tu. Pale darajani askari wananitazama vibaya."

"Una kibali?"

"Ninacho. Lakini hawakitazami kibali. Wanatazama kofia."

Mkasi ulikuwa mkononi mwa Kinyozi. Ulilia mara mbili hewani, kisha ukanyamaza.

"Niliapa, mwanangu. Tushinde leo, nitakunyoa hapohapo uwanjani, na askari watazame."

Siku ile Karanja alicheza kama mtu anayekimbilia kitu kilicho upande wa pili wa goli. Alimpita beki, akampita beki yuleyule tena aliporudi, akafunga bao ambalo sitalisimulia, maana kila nikilisimulia huwa linapungua. Kinyozi aliutoa mkasi mfukoni akauinua juu ya kichwa chake, unalia, jua linaupiga. Tulikuwa tunaongoza. Kisha, refa akiwa tayari ameutia mkono mfukoni kuitafuta saa, Wafula aliruka, mpira ukampita mikononi.

Sare, moja kwa moja.

Jioni Karanja alisimama kizingitini, kofia mkononi.

"Nimefunga," alisema.

"Umefunga."

"Basi?"

Kinyozi aliutia mkasi mfukoni mwa koti. "Sare si ushindi, mwanangu. Nikikunyoa leo, kiapo changu ni cha nini? Jumapili ijayo. Wallahi nitakuanza wewe, kabla ya golikipa."

Karanja alicheka kidogo. "Haya, baba. Kabla ya golikipa." Akaivuta kofia mpaka masikioni, akapanda baiskeli.

Walimkamata darajani. Mwanamke aliyekuwa akileta mboga kutoka upande wa Ruiru ndiye aliyetuletea habari asubuhi: walimvua kofia, wakamwita ndugu wa msituni, wakamketisha matopeni. Baiskeli ilibaki imelala kando ya barabara, gurudumu la mbele juu.

Kinyozi aliniambia, "Mwalimu, twende." Hakufunga duka. Hakuvua hata kile kitambaa cheupe cha begani. Tulipofika kwenye kituo cha askari cha Ruiru, alisimama mbele ya sajini, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Nywele zile ni zangu, bwana."

Sajini alimtazama upara. "Zako?"

Askari wakacheka. Kinyozi hakucheka.

"Mimi ndiye niliyezikataza zisikatwe. Niliapa. Timu yetu inashindwa."

"Timu gani?"

"Majengo ya Thika."

"Aa! Ile tuliyoipiga nne!" Wakacheka tena, na kwa kitambo nilidhani kicheko kile kitatuokoa. Kisha sajini akaacha kucheka. "Mzee, watu wanachinjana huko. Mtu mwenye nywele kama zile, usiku unaingia, barabarani, halafu unaniambia ni mpira. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeamini?"

"Niite wenzake wote. Wote wana nywele hivyohivyo. Utaona."

"Waite, basi. Tuna nafasi kwenye lori."

Kinyozi akakivuta kile kitambaa begani, akakikunja. Sajini aliinamia kazi yake, akasema bila ubaya wowote, "Na huyo kijana wenu hayupo hapa. Wameondoka naye alfajiri."

Tulirudi Thika kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Alipofika aliwaita wachezaji wote. Walikuja wakijua. Akawanyoa, mmoja baada ya mwingine, mpaka taa ikakaribia kwisha mafuta, na mimi nyuma ya ukuta nilisikiliza nikashindwa kuelewa ni kitu gani kimekosekana. Baadaye nikatambua. Hakuwa akiukata upepo. Mkasi ulikata nywele tu, ukatua, ukakata nywele.

Siku chache baadaye alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha msikiti kumuuliza kuhusu kiapo alichokivunja. Yule mzee alimjibu kwamba kiapo cha namna ile kina kafara yake: walishwe maskini kumi. Mke wake alipika wali na maharagwe, wakaja maskini wa sokoni, wakala, wakamwombea, wakaondoka. Nilimkuta uani akiitazama sufuria tupu, punje za wali zimeganda kandokando.

"Sufuria moja, Mwalimu," alisema. "Kumbe ilikuwa sufuria moja tu."

Jumapili iliyofuata tulicheza mechi ya mwisho, na tukashinda. Bao moja. Watu walirudi wakiimba kana kwamba tumechukua kombe, ingawa tulikuwa wa mwisho kabisa. Wafula aliingiza kichwa dukani. "Kinyozi! Tumeshinda!" Yeye alikuwa akinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi. Aliendelea kunoa. Hakuuliza nani amefunga.

Hakwenda kiwanjani tena, mwaka ule wala miaka iliyofuata. Ukimletea habari za timu alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za mkwe wa jirani. Lakini mlango aliendelea kuuacha wazi, jiwe mahali pake, mvua na jua. Nilidhani ni mazoea. Kisha siku moja nikaona amekigeuza kiti. Mteja sasa aliupa uwanja kisogo, na Kinyozi akimnyoa alikuwa akitazama upande mwingine, ile barabara ya kutoka Ruiru.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo, watu walipoanza kurudishwa kutoka kambi za kizuizini. Nilikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, niliposikia mkasi umesimama nyuma yangu. Nilimtazama kwenye kioo. Alikuwa akitazama mlangoni.

Karanja aliingia akichechemea. Mguu wa kushoto, ule uliotufungia bao, ulikuja nyuma yake kama kitu alichokuwa akikivuta kwa kamba. Alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa ndefu.

"Wĩ mwega, Mwalimu," alinisalimu. Kisha akamgeukia. "Kinyozi."

"Mwanangu."

Niliinuka na nusu ya kichwa changu, nikamwachia kiti. Hakuketi mara moja. Alikishika kwa nyuma, akapitisha kidole kwenye mbao.

"Nina swali moja tu. Nimelibeba huko kote. Tulishinda hata moja?"

"Moja," alisema Kinyozi. "Ya mwisho."

"Nani alifunga?"

"Sijui. Sikwenda."

Karanja alimtazama. Sijui alikuwa akitafuta nini katika uso ule, wala sijui kama alikiona. Nje mtoto mmoja alikuwa akiswaga mbuzi, akimtukana kwa Kikamba.

"Hukwenda," alisema Karanja.

"Sikwenda."

"Lakini tulishinda."

"Tulishinda."

"Basi zamu yangu imefika." Akaketi, polepole, akiusaidia mguu kwa mikono. "Kabla ya golikipa. Ulisema."

Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni. Fundo la kwanza lilifunguka, akalipiga tena. Alinyoa kuanzia kisogoni, na nywele zikaanguka sakafuni bila sauti, nyeusi, na kati yake nyeupe ambazo kijana wa umri ule hakustahili kuwa nazo. Karibu na sikio la kulia palikuwa na kovu, na alipolifikia Kinyozi alisimama, akainama, akalipuliza, kama alivyokuwa akivipuliza vidonda vya watoto. Karanja alifumba macho.

Alipomaliza, Kinyozi aliinamia sikio lile lile kama zamani, siku za mechi. Safari hii sikusikia. Nilimwona tu Karanja akitikisa kichwa mara moja, na sikuweza kujua kama anakubali au anajipangusa nywele.

Aliinuka, akajitazama kwenye kioo, akajipapasa utosi. Alikwenda mlangoni. Pale akasimama akalitazama lile jiwe.

"Huu mlango bado haufungwi?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Nimekuja, baba," alisema Karanja. Akalisukuma jiwe kando kwa mguu wake mbovu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.